Aliyemshika Fundi Saa

Tarehe 9 Machi

Dada yangu,

Dereva anaondoka saa nane mchana huu, kwa hiyo salamu zangu ni za mbiombio, uzipokee hivyo hivyo. Nyumbani tu wazima. Goti la Mama limepunguza maumivu, ila sasa anasikia kwa kuchagua: ukimwambia ameze dawa hasikii, ukimnong'oneza Shangazi jambo la jirani analisikia lote akiwa uani. Shangazi bado hajarudisha cherehani yako. Dari la chumba chako linavuja palepale na beseni nimeliweka palepale.

Simu usinipigie. Tangu siku ile ya uwanjani watu wanasema simu zinasikilizwa. Sijui kama ni kweli, siku hizi kila mtu ana kweli yake, lakini hata Dereva anazima ya kwake akiingia mjini, na unajua yule haogopi kitu. Atatubebea barua kila anapopeleka mzigo huko uliko.

Najua habari umezisikia, ila ngoja nikusimulie kwa mpangilio, pengine na mimi nitaelewa. Uchaguzi wa mji umeahirishwa mara ya tatu. Watu wakajaa uwanjani mbele ya ofisi za mji, wakaimba, wakapigwa, wakatawanyika. Fundi Saa amefariki. Ndiye huyo huyo aliyeitengeneza saa yako ya harusi ukasema haijawahi kwenda sawasawa. Redio imetangaza kwamba alianguka kwenye ngazi nyumbani kwake. Dada, wewe umefika kwake. Kile chumba kina ngazi gani? Mlango, kitanda, meza ya saa, basi. Taarifa hiyo nimeisikiliza mara tatu nikitafuta ngazi.

Sasa wenye maduka ya korido, pale alipokuwa na kimeza chake, wamenifuata. "Brashi, umechora kila kinyozi na kila bucha ya mji huu. Tuchoree siku ile." Wamenipa ukuta wa nyuma ya stendi, urefu wake mabasi manne. Nikakubali, na sijui kwa nini nilikubali haraka hivyo. Nimeshaanza. Umati mimi huanzia miguuni, maana ukianza na vichwa watu wanaelea. Kwa hiyo mpaka leo ukutani kuna viatu tu, jozi mia na ushei, na wapita njia wananiuliza kama nimefungua duka.

Chiriku hajambo. Anakwenda kazini kwake kwenye fotokopi kama kawaida. Amekuwa mkimya kidogo, labda ni ukubwa.

Mdogo wako,
Brashi


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua nimeipata, ina alama ya dole gumba la rangi ya bluu, kwa hiyo hata usingetia sahihi ningejua imetoka kwa nani. Mimi mzima. Huku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mashine mbili kati ya tano zimekufa, mashuka tunayafua kwa mkono, na vidole vyangu vimejikunja kwa maji. Tumeletewa msimamizi mpya, kazi yake kubwa ni kutuuliza tunacheka nini. Msalimie Mama. Mwambie Shangazi cherehani sijaisahau.

Haya. Unaniambia mwanangu mimi, mtoto aliyekuwa akiongea mpaka usingizini, aliyeitwa Chiriku na mtaa mzima kwa sababu hiyo, "amekuwa mkimya kidogo, labda ni ukubwa". Ana miaka ishirini na miwili. Huo ukubwa umefika na basi gani? Umeandika ukurasa mzima wa viatu na mstari mmoja wa mtoto. Mimi ndiye niliyekulea, Brashi. Jambo linalokuunguza huwa unalitia mwishoni, kwa sauti ndogo, kisha unakimbia.

Duka la fotokopi liko mlango wa pili kutoka kwenye kimeza cha Fundi Saa. Chai ya asubuhi walikuwa wakinywa pamoja, yeye na Chiriku, na kubishana kuhusu kila kitu. Usidhani nimesahau.

Nakuuliza swali moja, nijibu hilo hilo moja: mwanangu alikuwepo uwanjani?

Kuja siwezi. Mkataba wangu unaisha Desemba, nikitoka kabla hawanirudishi kazini, unalijua hilo. Macho yangu huko ni wewe. Nilikuachia mtoto, sikukuachia ukuta.

Dada yako


Tarehe 21 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Huku salama, namshukuru Mungu, na naomba vidole vyako vimepona. Mama amejing'oa jino mwenyewe kwa uzi na kitasa cha mlango, sasa analionyesha kwa kila anayepiga hodi. Shangazi anasema cherehani iko njiani. Yuko nyumba ya nne kutoka hapa, sijui hiyo njia inapitia wapi.

Swali lako nimelisoma na nitalijibu. Ila kwanza nikueleze kisanga cha ukutani, maana kichwa kinanizunguka.

Nilipofika kwenye nyuso, foleni ikaanza. Kinyozi alikuja asubuhi: "Nitoe humo Brashi, nina watoto." Nikamtoa. Mchana akaja mkewe amefura: "Mume wangu umemfuta kwa nini? Watu watasema alijificha." Nikamrudisha. Jioni Kinyozi akaja tena. Mpaka sasa nimempa kofia iliyoshuka hadi puani, wote wawili wamenuna. Mwenye bucha alikuwepo, mguu wake una bandeji mpaka leo, lakini anaapa kwamba siku hiyo tumbo lilimlaza kitandani. Na Mwenyekiti wa wenye maduka, ambaye korido nzima inajua alijifungia stoo nyuma ya magunia, anataka kuwekwa mstari wa mbele, ameshika bango, na kitambi nimpunguzie. Waliokuwepo wanataka kutoka, wasiokuwepo wanataka kuingia. Mimi nimesimama juu ya ngazi na kopo la rangi, sijui nishike lipi niache lipi.

Nikiwauliza ilikuwaje ndiyo nachanganyikiwa kabisa. Huyu anasema askari walitokea upande wa benki, yule anasema upande wa posta. Huyu anasema filimbi ilipulizwa kwanza, yule anasema hakuna cha filimbi. Watu walisimama bega kwa bega siku moja, saa moja, na kila mmoja amerudi na siku yake. Askari nimewachora pande zote mbili, nisigombane na mtu.

Jana alikuja bwana mmoja wa shati la mikono mirefu, ana daftari. Alitembea taratibu kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho, akipiga picha uso mmoja mmoja. Nikamwuliza anatoka wapi, akatabasamu. Akaniambia, "Fundi, kazi unaijua. Mtu ukimwona humu, ukikutana naye sokoni unamtambua." Dada, sifa hiyo nimeingojea miaka ishirini na minane. Ilipokuja nilikaa juu ya kopo. Sasa sijui mimi ni shahidi au ni mchongezi. Nilitaka watu wakumbukwe, na huenda nimewapanga mstari ili wachukuliwe.

Kuhusu Chiriku. Yupo ukutani. Yuko katikati, amepiga magoti, kichwa cha Fundi Saa kiko mapajani mwake amekishika kwa mikono miwili.

Mdogo wako,
Brashi


Tarehe 6 Mei

Brashi,

Salamu leo sina za kutosha, mpe Mama zote zilizopo.

Nilikuuliza kama alikuwepo uwanjani, ukanijibu yupo ukutani. Basi nimeelewa. Nilikuwa nimeshika shuka lenye maji nilipofika mstari ule wa mwisho, likaniangukia miguuni, na wenzangu wakadhani nimepata habari ya msiba.

Mfute.

Sitaki kusikia habari ya sanaa. Sitaki kusikia wenye maduka walisema nini. Yule bwana wa daftari ana picha ya mwanangu ameshika mtu ambaye redio imesema alikufa kwa ngazi. Unaelewa maana yake? Maana yake katika mji mzima kuna mtu mmoja tu anayejua kwa mikono yake mwenyewe kwamba redio imedanganya, na wewe umemchora katikati, mkubwa, kwa rangi ambayo haiishi kwa mvua. Wengine humo ni umati. Yeye ni ushahidi.

Wewe unajua tulivyokua. Tulikua kwa kunyamaza, tukakua. Mtu ananyamaza, watoto wanakula, wanasoma, wanapata kazi. Si jambo la kujivunia, na siliombei msamaha.

Na kuna jambo jingine. Kila mtu unamwuliza askari walitokea upande gani. Wewe ulikuwa umesimama wapi hata usijue?

Mfute mwanangu. Ukishamfuta, niandikie neno moja tu.

Dada yako


Tarehe 30 Mei

Dada yangu,

Nimemfuta.

Ulitaka neno moja, lakini nikiacha hapo nitapasuka. Kwanza Mama hajambo, usitie wasiwasi, na dari nimeliziba, sasa linavuja pembeni.

Nilikwenda Jumapili asubuhi, stendi ikiwa na watu wachache. Uso niliupaka kijivu cha lami ya uwanja, mara mbili, mpaka macho yakapotea. Nywele nikazifuta, mabega, gauni lote. Mikono sikuweza. Nilijaribu, Dada, brashi nilikwisha kuichovya. Lakini mikono ikiondoka kichwa cha Fundi Saa kinabaki hewani, kinaanguka, na mtu anayetazama atasema kweli huyu alianguka. Kwa hiyo mikono ipo, na nyuma yake hakuna mtu. Usiniulize inafananaje. Watu wakifika pale wanapunguza sauti.

Chiriku alipita jioni akitoka kazini. Alisimama, akatazama, akaondoka. Nyumbani alinitengea chakula, akala chumbani kwake. Tangu hapo ananipa kisogo.

Sasa nikujibu nilikuwa nimesimama wapi. Sikuwa nimesimama. Nilikuwa kwenye karakana yangu, nimetia komeo, nimekaa chini ya meza katikati ya makopo. Nilikuwa namalizia kibao cha duka la viatu, nikasikia watu wanakimbia, nikafunga. Mtu aligonga mlango wangu. Aligonga sana, kwa kiganja. Sikufungua. Mpaka leo sijui alikuwa nani, na kila niliyemchora pale ukutani nimemchora nikijiuliza kama ndiye. Nawasalimia mitaani nikitazama viganja vyao.

Kumekuchwa, Chiriku akaja nyumbani, gauni limekauka damu isiyo yake. Akakaa jikoni akasema. Alisema kwa saa mbili bila kukata: nani alisimama wapi, nani alivaa nini, nani alianguka, nani alirudi kumwinua mwenzake. Viatu vyote vile ni yeye aliyeniambia. Akamaliza, akanyamaza, na kunyamaza kwenyewe ndiko huku. Nilichora kutoka mdomoni mwake, kisha nikawa nawauliza wengine ili nipate pa kujishikiza, nikazidi kupotea. Wenye maduka wananisifu kwa macho yangu makali. Macho gani? Ukuta wote ni wa Chiriku. Mimi nilikopesha mkono tu, halafu mwenye ukuta ndiye niliyemfuta.

Katika kazi yangu sijawahi kuchora uso ambao sikukaa mbele yake nikautazama. Hata vichwa vya vinyozi ni vya watu ninaowajua. Uso wa Chiriku wa saa ile ndio wa kwanza nilioubuni, na haukuwa sawa hata kabla sijaufuta. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri basi.

Jambo la mwisho. Wakubwa wamebanwa, wameunda tume ya kuchunguza kifo cha Fundi Saa. Itakuja kuukagua ukuta mwezi ujao. Mji una mwanasheria wake tayari. Najua utasema ni vizuri kwamba nimemfuta kabla hawajafika. Na mimi nasema hivyo. Nasema kila asubuhi, na sisikii ikikaa vizuri.

Mdogo wako,
Brashi


Tarehe 4 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ya Mei bado sijaiona. Dereva nasikia gari limevunjika giaboksi njiani, kwa hiyo naandika bila kujua umefanya nini. Nampa mwenzake, Mungu aifikishe. Mimi mzima wa mwili.

Kama hujamfuta, usimfute.

Nimepata barua ya Chiriku. Aliitia posta ya kawaida, yenye muhuri, kama mtu asiye na la kuficha. Ukurasa mmoja. Anasema Fundi Saa hakulia wala hakumtaja aliyempiga. Alimwuliza, "Saa ngapi sasa?" Saa yake ya mkononi ilikuwa imevunjika kioo. Chiriku akaangalia saa ya ofisi za mji, akamwambia saa tano na robo. Fundi akasema, "Hiyo inachelewa dakika nne, niliwaambia wakakataa." Ndilo neno lake la mwisho. Mwanangu ameniandikia: "Mama, mimi peke yangu ndiye ninayejua hilo. Nikifa nalo, litakuwa halikutokea."

Nimeisoma barua hiyo kwenye chumba cha pasi na nimeshindwa kufanya kazi siku mbili. Yule ninayemwogopea ni mtoto. Aliyeandika si mtoto.

Sijui ninachosema, Brashi. Mwezi uliopita nilijua kila kitu. Ninaogopa vile vile, hofu haikupungua hata kidogo, nataka ujue. Lakini usimfute. Ngoja kwanza nifikiri.

Dada yako


Tarehe 28 Juni

Dada yangu,

Barua yako ya kusema nisimfute imenifikia siku nne baada ya tume kuondoka. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nimelia, kisha Mama akaniuliza kama pilipili imeniingia machoni. Sote tumo humo humo, wewe umebadilika nimeshatenda, mimi nimejuta umeshabadilika. Yaliyotokea nakueleza yote, sifichi tena.

Walikuja Jumatano asubuhi, watu watatu na karani. Mkubwa wao ni mama mmoja wa makamo, ana miwani minene na hacheki ovyo. Wakawekewa viti kutoka chumba cha abiria. Watu walijaa mpaka kwenye paa la choo. Mwanasheria wa mji akaniita mbele, akaniuliza kwa upole sana, "Fundi, haya yote uliyaona kwa macho yako?"

Niliwatazama watu. Nikasema, "Sikuona. Nilikuwa nimejifungia karakana."

Stendi nzima ikaguna. Mwenyekiti, ambaye ukutani yuko mstari wa mbele na bango lake na kitambi kilichopungua, akaanza kukagua viatu vyake. Mwanasheria akageuka kwa wale watatu: "Basi waheshimiwa, hii ni hadithi. Picha nzuri, lakini hadithi." Akafunga faili. Ndani ya faili hilo ndimo zilimo ngazi za Fundi Saa, na nikaona zinakuwa kweli mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyezijenga.

Yule mama wa tume hakusimama. Alikuwa anatazama katikati ya ukuta. Akauliza, "Mikono hii ni ya nani?"

Akauliza tena. Wote waliokuwa wakinisumbua niwatie humo, hakuna aliyekohoa.

Nyuma kukawa na kusukumana, akatokea Chiriku na koti lake la kazini, wino wa mashine umemchafua kidoleni. Akapita, akaenda akasimama pale penye kijivu, mgongo ukutani. Akasema, "Ni yangu."

Mwanasheria akacheka kidogo. "Na mbona uso haupo?"

Akasema, "Wanaonipenda wameufuta."

Dada, hakunitazama aliposema. Angenitazama ingekuwa nafuu.

Akapewa kiti akakikataa. Alisema dakika arobaini, karani akiandika mpaka akaomba kalamu nyingine. Askari walitoka upande gani, alisema. Filimbi, alisema, ilikuwepo, ila ilipulizwa baada. Akasema saa tano na robo, na zile dakika nne. Alipofika hapo Mwenye bucha akavua kofia akasema kwa sauti, "Mimi nilikuwepo, nilimwona akimshika." Kisha mke wa Kinyozi akamsukuma mumewe mgongoni. Wakatoka saba. Si wengi. Ngazi lakini nadhani zimekufa.

Sasa yaliyofuata. Chiriku hayuko nyumbani. Yupo kwa wakili mmoja mwanamke aliyejitolea kumsimamia, mahali nisipopaandika. Duka la fotokopi wamemwambia asirudi kwanza. Wanaume wawili wanakaa mkabala na mlango wetu wakisoma gazeti moja kutwa nzima. Ripoti itatoka lini hakuna ajuaye. Uliniachia mtoto, na sijui kama nimekutunzia au nimekupotezea. Nikiamka naamini moja, nikilala naamini jingine.

Na kuna jambo nataka kukuuliza. Chiriku amenitaka nimrudishie uso wake. Nilipelekwa kumwona, nikachukua penseli na karatasi, nikakaa mbele yake kama ninavyopaswa kukaa mbele ya kila mtu. Nikamwambia, "Niambie, saa ile ulikuwa na uso gani?" Akafikiri. Akasema, "Sikuwa najiona, Mjomba." Kisha akanishika bega. Ndiyo mara ya kwanza kunigusa tangu siku ile ya kijivu.

Nimerudi ukutani. Nimechora mara nne. Pua ni yake, kidevu ni chake, nimepima. Lakini kila nikifika kwenye macho, kwenye namna ya mtu kumtazama anayemfia mikononi, anatoka mwingine. Unatoka wewe. Si wewe wa sasa. Wewe wa miaka kumi na sita.

Nilikuwa na miaka tisa, nilisimama mlangoni. Wanaume wawili walimleta Baba kutoka kazini wakamlaza sakafuni, wewe ukakaa ukakishika kichwa chake. Mlidhani nimelala. Mama alituambia ni homa. Watu wote waliambiwa homa, na mimi mpaka leo nikiulizwa nasema homa. Sijawahi kukuuliza. Juzi nilimuuliza Mama, akasema hasikii.

Katika maisha yangu yote huo ndio uso pekee wa namna hiyo niliouona kwa macho yangu. Sina mwingine. Chiriku ameuona, akautazama sana, akasema, "Huyu ni Mama," na hakukataa. Wapita njia wengi watadhani ni yeye, mnafanana. Lakini wewe hukuwepo uwanjani, na sijui kama nina ruhusa ya kukutia humo. Ukisema nikufute, nitakufuta, na safari hii nitafuta bila kuuliza mara mbili.

Nisubiri jibu lako,
Brashi


Tarehe 19 Julai

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Nimeomba ruhusa ya kuondoka kabla ya Desemba. Hawakufurahi, nimesaini karatasi zao. Nafika pamoja na Dereva safari yake ijayo, kwa hiyo ondoa beseni chumbani kwangu. Mwambie Chiriku Mama yake anakuja kukaa naye popote alipo.

Haikuwa homa. Baba alitoka kwenye mkutano wa wafanyakazi wa reli, na alipoletwa mbavu zake zilikuwa laini upande mmoja. Alichukua muda mrefu kufa. Mama alinifunga kinywa kwa kiganja, akaniambia niseme homa, kwa sababu wewe ulikuwa bado mdogo. Nikasema homa. Walikuja watu wa ofisi kuuliza, nikasema homa, wakaandika, wakanipa mkono. Nimesema hivyo miaka thelathini na minane, hata kwa mume wangu, hata kwa Chiriku. Mikono iliyomshika ni ya nani, hakuna aliyeniuliza.

Usinifute.

Dada yako